Watu Arobaini na Mmoja wa Bwana Lungile

Sisi tuliokula kumbikumbi wabichi tukiwa tumechuchumaa, mabawa yametuganda midomoni, tunajuana hata leo tukipishana sokoni. Enzi hizo kila kichuguu kilikuwa na mwenyewe. Si kama sasa, kichuguu ni udongo wa kufyatulia matofali, basi. Bibi yangu mzaa mama, kule Kwapa, alikuwa na vichuguu vitatu alivyoachiwa na marehemu babu, na alivijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake: hiki hutoa alfajiri baada ya mvua kubwa, hiki hutoa jua likishapanda, na hiki cha tatu ni kivivu, hakitoi mpaka kidanganywe.

Kukidanganya ilikuwa kazi yetu watoto. Tulikifunika kwa majani ya mgomba na magunia, tukaacha kishimo kidogo upande mmoja, kisha tukakaa kukizunguka tukigonga vijiti juu ya ubao, ko-ko-ko-ko, taratibu, ili wadudu wadhani mvua imeanza. Kucheka marufuku. "Mvua haicheki," bibi alituambia, fimbo yake iko mapajani. Binamu yangu Okiru alicheka mara moja tu, kumbikumbi wakagoma. Leo Okiru ana wajukuu na meno hana, bado wapo watu Kwapa wanaomkumbusha.

Kesi pia zilikuwapo. Jirani mmoja alitega kwenye kichuguu cha bibi bila ruhusa, shauri likaenda kwa chifu, watu wazima wakakaa kutwa nzima wakibishania kichuguu kama wanabishania mpaka wa Kenya na Uganda. Na mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda pale Busia wakati huo ulikuwa gogo moja na askari anayesinzia. Baiskeli ndizo zilizokuwa zikivusha watu, boda kwa boda, na jina lilizaliwa hapo hapo kwetu. Vijana wa pikipiki wenye miwani myeusi hawajui. Ukiwaeleza wanakujibu, "Nyanya, wacha stori." Haya, nawacha.

Mama alipotoka kwa Wateso wa Kwapa akaolewa na baba yangu Msamia, kijijini Sikuda, alikuta kichuguu nyuma ya jiko. Udongo wake ulikuwa mwekundu kama ini. Akakifanya chake siku ya kwanza, kabla hata hajazoea kumwita mama mkwe. Hakuna aliyegusa. Sasa ndiyo nafika nilikokuwa naenda, maana mara ya kwanza ninayomkumbuka vizuri Bwana Lungile, alikuwa amesimama kwenye kichuguu hicho na jembe mkononi.

"Wewe bwana!" mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Weka jembe chini!"

"Mama Nafula, mimi nataka kidogo tu. Kwa rangi."

"Rangi? Rangi iko kwa Mhindi Busia. Nenda ununue huko."

"Mimi nataka hii."

"Hicho ni chakula cha watoto wangu!"

Bwana Lungile akautazama udongo, akatutazama sisi, matumbo yetu wazi, vumbi mpaka masikioni. Akauliza kwa huruma kabisa, "Watoto nakula udongo?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini na mwiko wake. Akamweleza habari za kumbikumbi, akamchotea karai moja kutoka upande ambao wadudu hawapiti. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa nyumbani. Mama hakuwa na njia nyingine ya kumpokea mtu, lazima kwanza amfokee.

Huyo Bwana Lungile alikuwa Mwafrika wa Afrika Kusini. Mwalimu mkuu wa shule yetu ndiye aliyemleta kwa baba, kwa sababu baba, aliyekuwa fundi cherehani pale sokoni, alikuwa na kibanda kitupu uani, cha mdogo wake aliyehamia Jinja. Alikuja na koti la kijivu na sanduku la kadibodi lililofungwa kamba. Kazi yake ilikuwa kuchora na kutunga mashairi. Watu wa Sikuda waliuliza, "Ndiyo, lakini kazi yake?" Wakaambiwa ndiyo hiyo, na kwamba serikali ya Wazungu wa kwao ilimfukuzia hiyo. Wakakubali. Kama serikali nzima na bunduki zake inamwogopa mtu kwa kuchora, basi hiyo ni kazi.

Shule mimi niliiacha darasa la tatu, mdogo wangu alipozaliwa na mtu wa kumbeba akakosekana. Kwa hiyo habari za siasa ya huko sikuzisoma mahali. Nilizisikia kwenye chungu. Mama alipika ajono, pombe ya ulezi, na siku za Jumapili baada ya kanisa wanaume walikizunguka chungu na mirija yao mirefu. Chungu kina sheria. Hupulizi mrija ukatoa mapovu, hunywi umesimama, ukienda haja unamwachia mwenzako mrija aushike. Wazee walimfundisha Bwana Lungile sheria hizi kwa ukali, naye akazishika upesi kuliko baadhi ya wakwe zetu.

Siku moja aliwahesabu waliokaa, mmoja mmoja, kwa kidole, jambo ambalo kwetu si zuri, halafu akacheka peke yake. Baba akamuuliza kuna nini.

"Kwetu serikali napa mimi amri," akasema. "Nakatazwa kukaa na zaidi ya mtu mmoja. Hapa mko kumi na mbili. Mimi leo ni mkosaji mara kumi na moja."

Mzee mmoja akatoa mrija mdomoni. "Mtu mmoja tu? Na mke wako akiwa amebeba mtoto mgongoni?"

"Hapo mmoja anatoka nje."

Walicheka, halafu kicheko kikaisha vibaya, kila mtu akarudi kwenye mrija wake. Akawaeleza pia habari za karatasi, kwamba Mwafrika wa kwao hatembei bila karatasi ya kusema yeye ni nani na analala wapi. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu upande wa Kenya ujanani. Akasema, "Hata sisi tulifungwa kipande, cheti cha kazi, shingoni kama kengele ya mbuzi." Ndipo Bwana Lungile akatoa shairi lake, kwanza kwa lugha ya kwao, ile ya kugonga ulimi kinywani, ambayo sisi watoto tuliiiga wiki nzima mpaka tukachapwa, halafu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha:

Wamenipa karatasi inaniambia jina langu.
Mvua imeninyeshea miaka arobaini,
haijaniuliza karatasi.

"Lingine," wakasema. Hakuna lingine, akasema, bado linaiva.

Lakini niseme na hili, maana nimezeeka na sina wa kumficha. Wazee wale wale waliomsikitikia hivyo walikuwa na mfinyanzi mmoja ambaye hawakumkaribisha kwenye chungu, ingawa chungu chenyewe alikifinyanga yeye. Ukoo wake ulisemwa una jicho baya. Alipewa pombe yake kwenye kibuyu, akanywa kando ya ua, peke yake. Bwana Lungile aliona Jumapili ya kwanza, akaona ya pili. Ya tatu alichomoa mrija wake chunguni, akaenda kukaa na mfinyanzi, wakapokezana kibuyu. Wazee walikasirika mwezi mzima. Mfinyanzi naye hakufurahi sana, alisema yule mtu wa Kusini anammalizia pombe.

Sasa ukuta. Kibanda chake kilitazama barabara, na ukuta wa mbele ulikuwa mpana, umekandikwa vizuri. Akaanza kuchora kwa udongo wa kichuguu, kwa makaa, na kwa ule udongo mweupe wa mtoni ambao siku hizi wajawazito wanauziwa sokoni. Alichora watu wakitembea kwa mistari, mstari mmoja juu ya mwingine. Hawakuwa wakubwa, kama urefu wa mkono wangu wa wakati huo, lakini kila mmoja alikuwa mtu wake. Mmoja alikuwa na kofia imeinama. Mwanamke mmoja alishika kiatu mkononi. Kijana mmoja alikuwa amegeuza kichwa nyuma kama ameitwa. Alichora mtu mmoja siku mbili, tatu, halafu akakaa bila kuchora wiki nzima. Vijana wa leo wakichora moyo na mshale kwenye ukuta wa choo wanaandika jina na namba ya simu kabisa. Yeye hakuandika kitu.

Tulimuuliza ni akina nani. Akatutajia. Jina, na kazi, na mahali alipoangukia: huyu alikuwa anauza makaa, huyu alikuwa anaimba kwenye harusi, huyu ni kaka yangu. Waliandamana bila karatasi zao, polisi wakawapiga risasi, kisha serikali ikawazika yenyewe bila kuita wenye maiti. Makaburi hayajulikani. Alipofika mtu wa arobaini na mmoja aliweka udongo chini, akanawa, akasema wametimia.

Haya yote alikuwa anayafanya kwa sababu moja, na sote nyumbani tuliijua, maana alimweleza baba mbele yetu. Alikuwa na rafiki Nairobi, mpiga picha. Huyo angekuja kupiga ukuta picha, picha ingevushwa nchi kwa nchi hadi nchi za ng'ambo, iwekwe kwenye kitabu, na nyingine zirudishwe kwao kwa siri, ndani ya vitambaa, ndani ya unga, vyovyote, ili wale wazazi waone kwamba watoto wao wako mahali fulani wamesimama. Yeye mwenyewe kurudi hawezi. "Mimi sina kitu kingine cha kupeleka nyumbani," alimwambia baba.

Barua ikaja. Rafiki anakuja Jumamosi.

Mama alisikia hayo yote kama sisi. Lakini mama alikuwa na hesabu yake tofauti. Kwetu mtu akifa, nyumba haisiribwi. Ukuta unaachwa uchakae, majivu hayazolewi vizuri, mpaka siku zikitimia wanawake wa ukoo wanakuja asubuhi na mavi ya ng'ombe mabichi na majivu, wanasiriba nyumba yote upya, wanachora mistari kwa vidole, na matanga yameisha. Siku hiyo mwenye msiba ananyoa, anakula vizuri, anaruhusiwa kucheka. Kama huna wanawake wa kukusiribia, matanga yako hayaishi. Unazeeka nayo. Mama alikuwa amemwangalia Bwana Lungile zaidi ya mwaka, ndevu hazinyolewi, maiti arobaini na mmoja mlangoni, na hakuna dada wala shangazi wa kuja na karai. Mvua za mwisho zilikuwa zimeanza kubandua miguu ya watu wa chini. Mama akaona aibu. Akaona kwamba mgeni wa Nairobi atafika, atasema watu wa Sikuda wamemwacha mwenzao kwenye msiba kama mbwa.

Na picha je? Nimejiuliza maisha yangu yote. Nadhani alifikiri picha ni ya mtu. Kwetu mpiga picha akija, watu wanaoga, wanavaa, wanasimama mbele ya nyumba safi. Nani anaita mpiga picha apige ukuta?

Jumamosi asubuhi Bwana Lungile akaenda Busia kungoja basi. Baba alikuwa sokoni kwenye cherehani. Wanawake wakaja saba, na mama wa nane. Mimi nilibeba maji, sikufichi. Nilibeba debe tatu. Nilijua, maana nilikuwa na miaka tisa, si mtoto wa kunyonya, lakini palikuwa na vigelegele na wimbo, na nilipewa kiazi kitamu cha moto, na mtoto wa enzi zetu hakumwambia mama yake "unakosea". Wajukuu wangu wananiambia hivyo kabla hawajanawa uso. Walianza juu, kwenye mtu wa kofia. Mama mwenyewe alimfunika kaka yake Bwana Lungile kwa kiganja, polepole, akisema maneno ya Kiteso ya kumuaga. Mpaka saa tano ukuta ulikuwa kijani kibichi unang'aa, na mistari ya vidole inapanda na kushuka kama mawimbi ya shamba la ulezi. Ulikuwa mzuri. Siwezi kusema haukuwa mzuri.

Walipotokea barabarani, Bwana Lungile na rafiki yake mwenye kamera kifuani, wanawake walipiga vigelegele. Mama akaenda mbele, mikono bado ina mavi ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, akapiga goti, na mama yangu hakuwa mtu wa kupiga goti ovyo.

"Bwana Lungi," akasema, "matanga yako yameisha. Tumekusiribia. Wewe sasa una dada nane."

Bwana Lungile alisimama. Akaenda hadi ukutani, akaweka kiganja, kikaacha alama kwenye ubichi. Yule rafiki akauliza kitu kwa Kiingereza. Aliuliza tena. Bwana Lungile akamjibu neno moja tu, na rafiki akavua kofia.

"Asante, mama," Bwana Lungile akasema. Kwa Kiswahili kizuri kuliko siku zote.

Kuku alichinjwa. Bwana Lungile alipewa firigisi, kama mwenye heshima, akaila. Alinyolewa ndevu na mke wa jirani, akakaa ametulia kama kondoo. Rafiki yake, ili asirudi bure, aliwapanga wanawake mbele ya ukuta akawapiga picha. Nasikia picha hiyo ilifika ng'ambo. Baba aliporudi jioni alisimama uani na kitambaa cha suruali ya mtu begani, hajakitua.

"Mama Nafula. Ule ukuta ulikuwa kazi yake."

"Kazi? Kuwaanika wafu juani ni kazi?"

"Ndiyo. Kazi yake."

Mama aliendelea kuosha karai. Baadaye sana akauliza, "Hawezi kuchora tena?" Tangu siku iliyofuata, Bwana Lungile alikuwa anapewa mayai mawili kila asubuhi, na sisi hatukupewa.

Alijaribu kuchora tena, kweli. Ukuta ulipokauka alichukua makaa, akamweka mtu wa kofia, akamweka yule mwanamke. Alifika mtu wa tano, akasimama mbele ya ukuta siku nzima. Alimwambia baba, nami nipo napepeta mtama: "Nilikuwa nawaweka pale ili kichwa kipumzike. Sasa kichwa natafuta, hapana kitu. Kuna mmoja mkono wake sikumbuki ulikuwa wapi." Baba akasema, "Weka popote." Bwana Lungile akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto.

Leo mjukuu wangu Nekesa anapiga picha chipsi kabla ya kula. Anapiga picha mbuzi, viatu, anajipiga picha mwenyewe akilia. Nimemuuliza picha hizo zote anazipeleka wapi, anasema hazipeleki, ziko tu. Maelfu. Na pale gogo na askari wa usingizi walipokuwa sasa kuna jengo kubwa la vioo, lori zimepanga foleni mpaka upeo wa macho, na kila mtu ana kitambulisho chake mfukoni na hakuna anayekiona ajabu. Wazungu wa kule Kusini walishindwa, tulisikia kwenye redio, nikiwa nina watoto tayari. Nilikuwa nachambua kunde. Mama alikuwa bado hai. Alisema, "Basi wale watu wake watakuwa wamechimbuliwa wakazikwa vizuri," halafu akaniambia nisichanganye mbegu na maganda. Vyungu vya ajono siku hizi ni vya plastiki. Nyumba ni za matofali na simenti ya Tororo, hazisiribwi, na watu wakifiwa sijui wanajuaje kwamba imetosha.

Alikaa nasi wiki tatu baada ya ile Jumamosi. Hakununa, hakumsema mama kwa mtu yeyote. Watu watano walibaki ukutani na hakuwaongeza. Siku ya nne ya wiki ya nne, mchana, tulikuwa tunacheza kora uani, ile ya kurusha kokoto na kudaka, na mama alikuwa anasonga ugali. Bwana Lungile alitoka kibandani amevaa koti lake ingawa jua lilikuwa kali. Alitupita, akaruka kokoto zetu asizivuruge.

"Unakwenda wapi, Bwana Lungi?" mama akauliza. "Chakula hiki hapa kinaiva."

"Natembea kidogo, dada."

Akafika barabarani, akatazama upande wa mpakani, akatazama upande wa Tororo, ndani zaidi ya Uganda, akashika wa Tororo. Mama alimpakulia, akamfunikia sahani yake. Hakurudi.